Mpira Huu Unavuta Lini? Kuisoma mipira ya vakyumu kwenye kabureta za magari ya zamani

Fungua kifuniko cha nyuma cha Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 na utaona mrija mmoja mwembamba ukitoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta. Basi. Kisha fungua boneti ya Toyota Land Cruiser FJ60 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo mipira ya vakyumu imelala tabaka juu ya tabaka. Mingine inapita chini ya kabureta ambako hata tochi haifiki, mingine inaingia kwenye vali ndogo za plastiki zenye rangi mbili na kutokea upande wa pili ikiwa na kazi nyingine kabisa. Injini zote mbili zinachoma petroli kwa kanuni ileile. Kilichopita katikati yake ni sheria za moshi, na kila sheria iliacha mipira yake.

Gari la namna hii likifika gereji likiwa linamisi, linakula mafuta au halitulii kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), ushauri huwa wa aina mbili. Wa kwanza: tafuta mchoro, rudisha kila mpira mahali pake. Wa pili: hii yote takataka, ziba. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili zinaliruka swali lenyewe. Mchoro unaonyesha mpira unatoka wapi na unakwenda wapi, hausemi kwa nini. Na anayeziba mara nyingi hajui alichokiziba. Kuhusu kila kidomo cha kabureta, pale mpira unapochomekwa, kuna jambo moja la kujua kabla ya mengine yote: kinavuta lini? Ukilijibu hilo, hata gari lililopoteza karatasi zake zote linasomeka.

Pistoni ikishuka huvuta hewa, na kipepeo cha kabureta huizuia. Kwa hiyo kipepeo kikiwa karibu kimefungwa, yaani kwenye sailensi, nafasi iliyo chini yake ina vakyumu kubwa. Injini yenye afya ikipimwa usawa wa bahari, geji husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kanyaga mafuta mpaka mwisho na sindano inaanguka karibu na sifuri. Achia mguu ghafla mteremkoni na inapanda kuipita hata ile ya sailensi. Kidomo kinachofunguka hapa, kiwe cha kabureta au cha manifoldi yenyewe, ni cha vitu vinavyotaka mvuto muda mwingi: busta ya breki, vali ya PCV inayonyonya moshi wa krankikesi, na kadhalika.

Kidomo cha pili kinatokana na tundu dogo lililotobolewa juu kidogo ya ukingo wa kipepeo. Kwenye sailensi tundu hilo liko upande wa hewa ya nje, halivuti kitu. Kipepeo kikifunguka kidogo tu, ukingo wake unalipita, na papo hapo tundu linajikuta upande wa manifoldi na kuanza kuvuta kwa nguvu. Kuanzia hapo tabia yake inafanana na ya kile cha kwanza. Cha tatu kinatoka kwenye koo la kabureta, pale njia ya hewa ilipobanwa. Mvuto wake ni mdogo, ila unaongezeka kadiri hewa inavyopita kwa kasi, hata mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, wakati ambapo vile viwili vya kwanza vimeshakata tamaa.

Vidomo viwili vinaweza kusimama sentimita moja kutoka kimoja hadi kingine, unene uleule, shaba ileile, na vikawa na tabia zinazopingana. Kuviangalia kwa nje hakusaidii sana, kwa sababu njia zimetobolewa ndani ya chuma cha kabureta na zinapinda. Kidomo kilicho juu kwa nje kinaweza kuwa kinafunguka chini ya kipepeo. Hivyo usikisie, pima. Injini ikiwa imeshapata moto na iko kwenye sailensi, ng'oa mpira, weka kidole. Kama kidole kinanyonywa, kidomo hicho ni cha manifoldi. Kama hakinyonywi, sogeza kebo ya mafuta taratibu: kikianza kunyonya mara tu kipepeo kinapofunguka, ni cha juu ya kipepeo. Kama mnyonyo ni hafifu na unaongezeka polepole tu kadiri injini inavyopanda, hilo ni koo. Na kama hakifanyi lolote, ama kimeziba kwa uchafu ama si cha vakyumu kabisa, kwa mfano njia ya kupumulia ya bakuli la petroli, ambayo ukiiunga kwenye mvuto utainywesha injini mafuta ghafi. Geji yenye kiunganishi cha T inafanya kazi hiyohiyo kwa tarakimu, na haiunguzi kidole.

Mpira unaostahili kuangaliwa kwanza ni ule wa distribyuta, na Beetle inaonyesha sababu vizuri kuliko gari lolote. Distribyuta nyingi za Beetle za miaka ya 1960 hazina vile vyuma vinavyotanuka kwa mzunguko ili kuwahisha cheche. Kazi yote imeachiwa kiwambo kimoja kinachovutwa na kabureta. Mrija ukipasuka, injini inawaka kwa mguso wa kwanza na kutulia vizuri kabisa kwenye sailensi, kwa sababu hapo kiwambo hakikuwa na kazi. Ila mlimani gari haliendi, injini inapata moto kupita kiasi, na mafuta yanaisha. Fundi anayesikiliza sailensi peke yake ataapa kwamba gari ni zima, kisha ataanza kufungua kabureta isiyo na kosa.

Baadaye mambo yaligeuka upande wa pili. Watu wengi walibadilisha na kuweka distribyuta ya Bosch aina ya 009, yenye vyuma vya kutanuka na isiyo na kiwambo. Mrija hauna tena pa kwenda, na kidomo chake lazima kizibwe. Lakini kabureta ya 34 PICT-3 ilitengenezwa ikitegemea cheche iwahishwe pale tu mguu unapogusa mafuta, hivyo ikiungwa na 009 gari husita kidogo kila linapoondoka. Hakuna mpira uliokosewa hapo. Kilichokosekana ni kiwambo.

Kuna pia Beetle za kuanzia 1971 zilizopewa distribyuta yenye mipira miwili: mmoja unawahisha cheche, mwingine, unaotoka chini ya kipepeo, unaichelewesha wakati wa sailensi. Hii taimingi yake hupangwa mipira yote miwili ikiwa imeunganishwa, na alama ni nyuzi 5 baada ya pistoni kufika juu kabisa. Ile yenye kiwambo kimoja hupangwa mpira ukiwa umeng'olewa na kuzibwa, nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu. Injini zinafanana kwa nje. Fundi akichanganya taratibu hizi mbili amekosea kwa zaidi ya nyuzi 12, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoficha kosa la ukubwa huo. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 2F alama ni kigololi kidogo cha chuma kilichopigiliwa kwenye flaiwili, kinaonekana kupitia kidirisha, na kinatakiwa kusimama nyuzi 7 kabla. Kabla ya kuwasha taa ya taimingi, hakikisha mpira wa distribyuta hii hauvuti kwenye sailensi. Kama unavuta, umeungwa kidomo siyo, na namba utakayoisoma ni ya uongo.

Je, distribyuta iungwe kwenye manifoldi au juu ya kipepeo? Ubishi huu ni wa miaka mingi, na mashabiki wa magari ya Kimarekani wanaweza kuuendeleza hadi usiku wa manane. Wapo wanaosema kidomo cha juu ya kipepeo kilibuniwa kwa ajili ya sheria za moshi tu. Hoja hiyo haisimami, kwani magari mengi ya Ulaya yalikuwa nacho kabla ya sheria hizo kuwepo. Lakini ni kweli kwamba miaka ya mwisho ya 1960 na ya 1970 watengenezaji wa Marekani walikitumia makusudi ili cheche ichelewe kwenye sailensi, moshi utoke ukiwa na joto kali, na mafuta ambayo hayajaungua yamalizikie njiani. Gharama yake ilikuwa injini inayochemka kwenye foleni. Gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida, vidomo vyote viwili vinatoa mvuto uleule, hivyo tofauti yote iko kwenye sailensi. Msimamo wangu ni kufuata kile distribyuta ilichotengenezewa, na kubadilisha tu pale mwenye gari yuko tayari kupanga upya taimingi na sailensi kwa pamoja.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo ambalo vitabu vya magari haya hulitaja kwa mstari mmoja au kulisahau kabisa: mwinuko. Hewa ya nje ikipungua mgandamizo, na vakyumu inayoweza kupatikana inapungua. Hesabu ya jumla ni inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 hivi. Injini inayosoma 19 pale Mombasa au Dar es Salaam itasoma karibu 14 Nairobi, bila ubovu wowote. Mbeya ni vivyo hivyo. Fundi wa bara anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anaweza kuifungua injini nzima akitafuta hewa inayoingia isipotakiwa, kumbe geji inasema ukweli.

Athari haiishii kwenye geji. Chukua kiwambo cha distribyuta ambacho kinahitaji inchi 15 kuvutwa hadi mwisho, kikiwa kimeungwa kwenye manifoldi. Pwani kinapata 19, kinavutika hadi mwisho na kutulia. Nairobi kinapata 14, kinabaki kikielea katikati ya njia. Kila mapigo ya injini yakiyumba kidogo, kiwambo nacho kinayumba, cheche inawahi na kuchelewa, na sailensi inapanda na kushuka yenyewe. Gari lileile likiteremka hadi Voi linaanza kupona. Dawa ni kiwambo kinachomaliza safari yake kwa mvuto mdogo zaidi, au kuhamia kidomo cha juu ya kipepeo. Kuchokonoa kabureta hakutasaidia kitu.

Turudi kwenye ile FJ60. California ilianza kudai PCV kwenye magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 ikadai moshi wa magari upunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache tu. Kompyuta za magari za wakati huo zilikuwa changa na ghali, kwa hiyo wahandisi walitumia kile walichokuwa nacho bure: mvuto wa injini. Vakyumu ikawa ndiyo inayoamua. Vali inayohisi joto la maji inafungua njia injini ikishapata moto. Vali ya kuchelewesha, yenye rangi mbili, inapitisha hewa haraka upande mmoja na polepole upande wa pili, kwa hiyo ukiigeuza umeibadilisha kazi yake. Vali ya umeme inakata au kufungua kulingana na mwendo. Honda nao, ambao Civic yao ya CVCC ya 1975 ilitimiza viwango bila kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi, waliishia kuandika namba kwenye mipira kwa sababu hakuna jicho ambalo lingeifuata.

Ukitazama msitu huo kwa swali letu, unapungua haraka. Vali ya EGR, inayorudisha moshi kidogo ndani ya silinda, inatakiwa kufunguka injini ikiwa na moto na gari likiwa kwenye mwendo wa wastani. Basi mvuto wake lazima utoke juu ya kipepeo na upite kwenye vali ya joto. Ukiiunga moja kwa moja kwenye manifoldi itafunguka kwenye sailensi na injini itatetemeka hadi izime. Kiwambo cha choki kinatakiwa kuifungua choki kidogo mara injini inapowaka, kwa hiyo kinataka manifoldi. Mpira wake ukikosekana, asubuhi za baridi za Limuru au Njombe gari litawaka, litoe moshi mweusi, kisha plagi zilowane. Mkebe wa mkaa unaohifadhi mvuke wa petroli hautakiwi kunyonywa kwenye sailensi, kwa hiyo nao ni wa juu ya kipepeo. Dalili ya gari inakutajia mpira, mpira unakutajia kidomo.

Mchoro uliobandikwa chini ya boneti ni mzuri ukiwa ni wa gari hilo kweli. Toyota ileile iliuzwa na mipira tofauti kwa kila soko. Kwenye FJ60, herufi ya mwisho ya msimbo wa modeli ulio kwenye kibao cha gari inasaidia: A ni Marekani, V ni nchi za Ghuba, W ni Ulaya, Q ni Australia. Gari la Ghuba lililoingia kupitia Oman au Dubai lina mipira michache sana, na kulitafutia mchoro wa Kimarekani ni kutafuta vifaa ambavyo halijawahi kuwa navyo. Kinyume chake pia hutokea: boneti ya gari moja imefungwa juu ya injini ya jingine, na kibandiko kinaelezea injini iliyoko shambani kwa mtu.

Sasa kuhusu kuziba. Simo miongoni mwa wanaoona kila mpira wa kiwandani ni mtakatifu. Kama pampu ya hewa ya kusafishia moshi iliondolewa zamani, vali zake za vakyumu hazina kazi, na kuziba vidomo vyake kwa kofia za mpira ni bora kuliko kuacha mipira iliyokatika ikinyonya vumbi. EGR ikizibwa, injini nyingi zinaendelea vizuri, ingawa zile ambazo taimingi yake ilipangwa kwa kuitegemea zinaweza kuanza kugonga ukikanyaga mafuta mlimani. Mkebe wa mkaa ukikatwa utasikia harufu ya petroli nyumbani. Lakini PCV ikizibwa, moshi wa krankikesi unatafuta njia nyingine na kusukuma oili kwenye sili. Na ikiwa fundi ataitupa vali na kuunga mpira mtupu badala yake, atakuwa ametoboa manifoldi kwa tundu la unene wa kidole. Mpira wa distribyuta ukizibwa, injini inapoteza sehemu ya taimingi yake na mwenye gari analipia kila anapojaza tangi. Mwenye gari la kuingiza kwenye mashindano ya Africa Concours d'Elegance pale Nairobi, ambako waamuzi wanakagua hadi sehemu ya injini, ana sababu zaidi ya kurudisha kila kitu.

Kifaa ambacho kinanishangaza kwa jinsi kinavyotupwa ni HAC. Magari ya Toyota ya soko la Marekani yalikuwa nacho kwa ajili ya miji ya milimani kama Denver, iliyo mita 1,600 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Kinahisi mgandamizo wa hewa, na kuanzia mita 1,200 hivi kinaongeza hewa kwenye mchanganyiko na kuwahisha cheche, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na kabureta inamimina petroli kupita kiasi. Yaani ni kifaa kilichobuniwa kwa hali ya kwetu bila aliyekibuni kutuwazia. Na ndicho cha kwanza kuzibwa, kwa kuwa kinafanana na mkebe usio na kazi.

Baada ya kujua kila mpira ni wa nini, kilichobaki ni kuhakikisha hauvuji. Wengine hupulizia petroli kuzunguka kabureta wakisikiliza injini ibadilike. Mbinu inafanya kazi na imeshachoma magari. Afadhali kipande cha mpira mrefu: ncha moja sikioni, nyingine izungushwe polepole kwenye viungo na gasketi, na mlio wa kunyonya utasikika waziwazi. Plagi nazo zinasema. Silinda iliyo jirani na kidomo kinachovuja plagi yake inakuwa nyeupe kuliko wenzake, na ukijua ni ipi umeshajua upande wa kutafuta. Viwambo vinapimwa kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha: vuta, ziba, subiri. Kikiachia kimetoboka, na hakuna mpira mpya utakaokiponya.

Kama mpira unahitaji kubadilishwa, mrija wa dripu ni rahisi kupatikana lakini joto la manifoldi linaulainisha hadi unajibana wenyewe, ukaonekana mzima huku haupitishi kitu. Mipira ya silikoni ya rangi za kupendeza inafaa kwa vakyumu kavu, ila petroli na oili zinaiharibu, kwa hiyo isiwekwe kwenye PCV wala kwenye mkebe wa mkaa. Mpira mweusi wa vakyumu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 3.5 au 4, kulingana na kidomo, unatosha sehemu nyingi. Usikubali ule unaohitaji waya kuubana; ukihitaji waya, ni mkubwa mno.

Na ipo hali ambayo mchoro wowote ule hauwezi kusaidia: kabureta ya asili ilishaondoka miaka mingi, mahali pake pamefungwa Weber 32/36. Aina hii kwa kawaida ina kidomo kimoja tu cha distribyuta, cha juu ya kipepeo, na hicho ni cha distribyuta peke yake. Usikigawe kwa T kwenda EGR, maana kila kifaa kinachoongezwa kinachelewesha kiwambo kupata mvuto. PCV iingie kwenye manifoldi au kwenye sahani ya chini ya kabureta, ikiwa na vali yake na siyo mpira mtupu. Busta ya breki haihusiani na kabureta hata kidogo. Inaungwa kwenye manifoldi kwa mpira mnene wenye vali ya njia moja, na mpira huo nisingeutoboa kwa ajili ya kifaa kingine chochote.